Mashua imelala juu tangu masika: niishueje?

Swali: Shikamoo mzee. Baba mdogo amefariki akatuachia mashua ya futi 22, ipo ufukweni upande wa Pangani. Ilipandishwa juu mwezi wa Mei bahari ilipochafuka, na tangu hapo haijaguswa. Sasa upepo umetulia, nataka niishue, yaani niirudishe majini, mwezi huu wa Oktoba niwahi upepo wa kaskazi. Shida ni mianya kati ya mbao. Mingine nikichungulia ndani naona mwanga wa nje. Jirani anasema nijaze saruji, mwingine anasema lami, na fundi mmoja anataka kuikalafati yote upya, yaani kuziba kila mwanya kwa pamba. Jumamosi nimepanga kwenda nayo kisiwani Maziwe na wenzangu. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nianze na la haraka kabla fundi wako hajashika nyundo. Saruji usitie. Lami usimwage. Na asikalafati mtu mwanya hata mmoja kabla mbao hazijanywa maji. Safari ya Maziwe Jumamosi ifute, nitakwambia kwa nini huko mbele.

Mianya unayoiona si ugonjwa. Ubao wa mashua umezoea kuishi umelowa. Ukikaa juani miezi mitano unanywea, na unanywea kwa upana, si kwa urefu. Ndiyo maana pale ubao unapokutana na mwenzake ncha kwa ncha huoni kitu, lakini ubavu kwa ubavu unaona mwanga. Rudisha ubao huo majini, utavimba mpaka ukutane tena na jirani yake. Wote tumekuzwa na msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ni kweli tupu. Kwa chombo kilichokauka, anayekimbilia kuziba ufa ndiye anayekuja kujenga upya.

Hili nililisoma kwa gharama ya mtu mwingine. Nilikuwa na miaka 19, mjomba akanipa mashua yake niiandae peke yangu. Nikatia pamba kila mwanya, nikaipigilia mpaka nyundo ikawa inadunda. Tukaishua, siku ya kwanza haikuingiza hata kikombe cha maji. Usiku wa pili mbao zikavimba, na kwa kuwa pamba ilijaa pomoni, hazikuwa na pa kwendea ila nje. Asubuhi tulikuta ubao wa tatu kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua, umeachana na mataruma, yaani mbavu zake, unapitisha vidole viwili, misumari imechomoka. Mjomba hakunifokea. Aliokota msumari mmoja, akaniwekea kiganjani, akaenda kutafuta mbao. Mpaka leo nikimwona kijana anapigilia pamba kwenye ubao mkavu, moyo unanienda mbio.

Saruji ni kosa lile lile, ila baya zaidi. Pamba angalau hubonyea. Saruji haibonyei kabisa, kwa hiyo ama itasukuma ubao, ama itavunjika vipande na kuacha mwanya mpana kuliko wa mwanzo. Lami nayo jua likiwaka inalainika na kuchuruzika, na siku unapotaka kukalafati kwa haki, fundi atahangaika nayo kuikwangua bila kuimaliza. Kama jirani ameshaanza, mwambie kwa heshima aache.

Sasa kazi yenyewe. Anza na kukagua wakati mashua bado kavu, maana ubao mkavu hausemi uongo. Chukua nyundo ndogo, gonga ubao mmoja mmoja, taratibu, kutoka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Ubao mzima unalia kwa sauti kali inayorudi mkononi. Uliooza unatoa sauti nzito, iliyokufa, kama unagonga gunia. Hapo toa kisu, choma. Kikizama bila wewe kusukuma, ubao huo utoke. Sehemu za kuangalia kwa makini ni pale mataruma yanapokaa juu ya mkuku, na chini kabisa kwenye ngama, pale maji ya ndani yanapokusanyika. Umeniambia ilipandishwa Mei, kwa hiyo mvua za masika zimeinyeshea. Kama hakuna aliyefungua kizibo chini, maji ya mvua yamekaa humo, na maji ya mvua ndiyo yanayoozesha chombo. Ya chumvi hayana ubaya huo. Chumvi inazuia uozo. Wazee walikuwa wakimimina maji ya bahari ndani ya chombo kilicholala juu, na hawakuwa wanapoteza muda.

Halafu pinda mgongo, uangalie chini ya mashua kwa karibu, pua kwenye ubao. Unatafuta vitundu vidogo kama kichwa cha pini. Ukiona viwili vitatu usividharau. Mdudu anayekula mbao baharini huingia akiwa mdogo mno kuonekana, kisha anakulia humo humo, akichimba njia inayoweza kufikia unene wa kidole. Nje unaona pini, ndani ni sega. Nimewahi kukata kipande cha ubao kilichoonekana kipya kwa nje. Ndani mlikuwa na mashimo yaliyopangana, yamepakwa ganda jembamba jeupe linalong'aa kama ndani ya kombe. Akikaa mkavu miezi mitano wengi wao wamekufa, lakini mashimo yamebaki, na ubao wenye mashimo mengi hauna nguvu ya kushika msumari.

Misumari nayo ichungulie. Palipo na mchirizi wa kutu unaotokea kichwani mwa msumari, pana maji yanayopita. Ng'oa mmoja wa mfano. Ukitoka umekonda katikati kama kiuno cha nyigu, wenzake wa mstari huo wote wako hivyo hivyo, na utahitaji kupiga mipya pembeni ya ile ya zamani, isiwe ndani ya tundu lile lile.

Baada ya ukaguzi, kwangua magamba na rangi iliyobabuka, kisha choma. Najua vijana wengi siku hizi wanaruka hatua hii, wanaona ni mambo ya kale. Mimi siiachi. Funga makuti makavu kama mwenge, upitishe moto chini ya mashua kwa mwendo wa mtu anayefagia, usisimame mahali pamoja. Mwenzako awe nyuma na gunia lililolowa. Moto unaua wadudu walio hai ndani ya ubao na kuondoa unyevu na mafuta ya zamani yaliyogandamana. Usikaribishe moto kwenye mianya yenye pamba nzuri ya zamani, usichome siku ya upepo, na usichome karibu na banda la makuti.

Sasa mpe maji. Hapa ndipo wengi wanakosa subira. Siku saba kabla ya kuishua, tandika magunia ndani na juu ya mbao za pembeni, yamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, na ndani ya ngama acha maji ya kimo cha kiganja. Usijaze mashua ikiwa juu ya nchi kavu! Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukimimina lita 500 umepakia nusu tani kwenye mbao ambazo hazina bahari ya kuzibeba kwa nje. Mpaka siku ya tano utaona mianya ile ya mwanga imefungika mingi. Inayobaki wazi, ile ambayo bado inapitisha ukucha, hiyo ndiyo ya kukalafati. Mwambie fundi wako asokote pamba legelege, aichovye kwenye mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa, aiingize kwa patasi butu, na aache nafasi juu. Pamba ikishika bila kuvutika kwa vidole, imetosha. Kama mapigo yake yanasikika mpaka nyumba ya tatu, mzuie.

Juu yake paka deheni, yaani chokaa iliyokandwa na shahamu mpaka iwe laini. Deheni ina faida moja ambayo rangi za kopo hazina: inashika kwenye ubao wenye unyevu. Watu walikuwa wakilaza chombo maji yakipwa, wanapaka, na maji yakijaa kinaelea siku hiyo hiyo. Rangi ya kopo kwenye ubao uliolowa itafura malengelenge. Ukitaka rangi, ipake sehemu ya juu ambako maji hayafiki.

Tanga na kamba sitavirefusha. Tandaza tanga juani, tafuta palipotafunwa na panya, maana harufu ya samaki inawaita, na vuta mishono kwa mikono miwili; uzi uliooza utakatika ukiwa nchi kavu, na huko ndiko unakotaka ukatike. Foromali, ule mti unaobeba tanga, iangalie katikati, pale kamba inapoisaga. Kapi la juu ya mlingoti lipakwe shahamu, na henza, kamba ya kupandishia tanga, igeuze, ncha iliyokuwa chini iwe juu, ili sehemu iliyochakaa isikae tena kwenye kapi. Kana, yaani mkono wa usukani, na vyuma vya usukani vishike uvitikise. Basi.

Twende kwenye kushua, maana hapa bahari inafanya kazi nusu kama utaijua kalenda yake. Tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji yanakuwa makuu: hayo ndiyo bamvua. Kilele chake hakiji siku ile ile ya mwezi, kinachelewa siku moja au mbili. Kwenu Pangani na pwani yetu yote hii, siku za bamvua bahari hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa kuna zaidi ya mita 3 za kimo. Wiki inayofuata, maji mafu, tofauti hiyo inashuka mpaka karibu mita 1, na mashua iliyo juu ya ufuko haitaguswa hata kwa povu.

Kosa la kawaida ni kungoja siku ya kilele chenyewe. Ukikosea siku hiyo, kesho yake maji yanafika chini zaidi, keshokutwa chini zaidi, na unabaki umepwelewa wiki mbili mpaka bamvua la pili. Anza siku moja kabla ya mwezi kuandama au kujaa. Ukishindwa leo, maji ya kesho ni makubwa kuliko ya leo, na ya keshokutwa makubwa zaidi. Kila siku itakuwa upande wako.

Na usiisukume mashua ndani ya maji. Hilo ni jambo la pili ambalo naomba unisikilize. Wengi wanangoja maji yajae, kisha watu 15 wanahangaika kwenye mchanga laini, mawimbi yanapiga ubavu, magogo yanaelea yanakwenda zake, mtu anavunjika mguu. Fanya kinyume. Wakusanye watu saa 4 asubuhi maji yakiwa yamepwa, mchanga wa chini umelowa na kushindiliwa, mgumu kama sakafu. Tandika mbao mbili kama reli, magogo ya mnazi juu yake, usukani umeshauvua, farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, yote imetoka. Shusheni mashua taratibu, omo mbele, kamba moja nyuma imefungwa kwenye mnazi au kigingi ili isiwakimbie kwenye mteremko. Wa kuchukua gogo la nyuma na kulileta mbele wawe wawili tu, wanaojuana, na pasiwe na mtoto wala mtu yeyote mbele ya mashua. Watu washike ubavuni, wasukume kwa pamoja kwa wimbo mmoja. Wimbo una kazi: bila huo kila mtu anasukuma kwa wakati wake na mashua haisogei.

Ishusheni mpaka pale ambapo maji ya kujaa yataifikia kiunoni mwa mtu. Isimamisheni kwa magadi, yaani miti ya kuiegemeza, pande zote mbili, yafungeni yasielee. Tembea na nanga kuelekea baharini hatua 50 hivi, uizike, kamba uilete omo. Hiyo ndiyo itakayoizuia isirushwe ubavu kwenye ufuko maji yakiingia. Halafu kaeni kivulini mle. Kwetu wakati huu ndio unaosomwa dua, na aliyekuachia mashua hii atajwe. Maji yatapanda yenyewe, na karibu saa 10 alasiri yatainyanyua bila mtu kutoka jasho.

Itavuja. Jiandae moyoni, maana itavuja kiasi cha kukutisha, na wenzako watakuangalia. Iache inywe. Usitweke tanga, usiitoe kwenye maji haya madogo. Maji ya bahari yakianza kupwa, fua, yaani chota umwage nje, maji ya ndani yaende sambamba na yale ya nje, ili yasije yakabaki ndani peke yake yakazilemea mbao. Bakisha kimo cha kiganja, kisha ikikaa chini tena, zunguka nje na tochi. Sasa maji yanatoka ndani kwenda nje, na kila mwanya usiofunga unalia machozi mbele ya macho yako. Weka alama ya mkaa. Sehemu nyingi zenye machozi usiku wa kwanza zitakuwa kavu usiku wa pili bila kuguswa. Itakayolia mara ya tatu, hiyo ndiyo inayohitaji pamba. Kwa njia hii mimi hupata sehemu tatu nne za kukalafati kwenye mashua ambayo fundi wako angetaka kuimaliza yote, na hela yako inabaki mfukoni.

Siku ya tatu ndipo utie farumi. Tia mchanga ndani ya magunia, uyafunge, si mchanga mtupu wala mawe yanayobingirika chombo kikilala upande.

Nije kwenye Maziwe. Nakijua kisiwa kile tangu kingali na mivinje. Leo ni fungu la mchanga, na bamvua likijaa linakifunika chote. Sasa fikiria: umeondoka siku za bamvua, ambazo ndizo ulizoishua mashua, mbao hazijashiba, umejaza marafiki badala ya farumi, unafika mahali ambapo alasiri hapatakuwa na nchi ya kusimama. Ikikuzidi kuvuja, utaipandisha wapi? Nenda Maziwe baada ya wiki tatu, ukiwa umekwisha kuijua mashua yako inavyobisha, yaani inavyokwenda dhidi ya upepo, na inavyoitika usukani. Pale ni hifadhi pia, kwa hiyo uliza taratibu na ada kabla ya kutia nanga.

Safari ya kwanza iwe ya saa moja, mbele ya diko lenu, hapo vyombo vinapotia nanga, asubuhi wakati matlai, upepo wa mashariki, inavuma polepole. Kipindi hiki wazee wanakiita tanga mbili, kwa sababu upepo haujaamua: kusi inaondoka, kaskazi haijafika, na chombo kinaweza kwenda pande zote. Ni kipindi kizuri cha kujifunza, lakini upepo wake hugeuka ghafla na wingu la vuli linaweza kukushukia kwa dakika chache. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja mawimbi ya mita 2, lala nyumbani. Tumia tanga dogo kama lipo. Chukua upo mbili za kufulia maji, maana moja huwa inaangukia majini pale inapohitajika, pondo la kusukumia chombo, kasia, nanga yenye kamba ya kutosha mara tano ya kina, maboya ya kujiokolea kwa kila kichwa, na simu ndani ya mfuko uliofungwa. Mwachie mtu wa diko jina la kila uliyempakia. Na kama Pangani utapita mdomoni mwa mto, usitoke maji yakiwa yanapwa kwa kasi. Mkondo wa mto ukikutana na mawimbi juu ya fungu la mchanga, hata nahodha mzoefu hapatamani.

Leseni na ukaguzi wa chombo ulikuwa wa marehemu. Peleka karatasi TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na halmashauri zibadilishwe jina, na uwaone viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, wa diko lako kabla ya kuishua, si baada.

Kipimo changu cha mwisho ni ndoo. Mashua ikielea, kausha ngama kabisa, tazama saa, subiri saa nzima, kisha fua tena ukihesabu. Siku ya kwanza unaweza kutoa ndoo 20. Siku ya pili 8. Siku ya nne ukitoa ndoo 2 au chini, funga usukani, tweka tanga. Ikibaki 8 siku ya nne, usitoke. Iache ikae chini tena maji yakipwa, zunguka na tochi, na unitumie picha ya pale unapoona machozi.